Kichwa Kisichobeba Uzi

Mjukuu wangu aliniletea picha yangu mwenyewe ndani ya simu yake. Nimepigwa studio, hapa hapa Kariakoo, miaka ya sabini. Nimeegemea kiti cha mwenye studio, gauni la maua limenibana kiunoni, na kichwani nina nywele za uzi. Kwa asiyezijua, nywele zinagawanywa mafungu, kila fungu linazungushiwa uzi mweusi kuanzia shinani mpaka nchani, linakakamaa kama waya, ndipo unalipinda utakavyo. Yangu siku ile yalipandishwa yote yakakutana juu ya utosi kama mshikio wa kikapu. Alinisuka jirani yetu wa mlango wa pili, sasa ni marehemu. Jina lake ninalo. Majina ya wote walionisuka na niliowasuka ninayo, mtu na mama yake na mtaa aliohamia, ila wengine wako hai na wajukuu wao wanajua kusoma, kwa hiyo sitayaandika.

"Bibi, nataka hivi," akasema.

"Gauni?"

"Kichwa."

Nilichoka hapo hapo, kabla hata sijanyanyua mkono.

Zilikuwa zimebaki siku chache afanyiwe ile sherehe ya wanawake ya kumfunda na kumpa vyombo, hii wanayoiita kicheni pati, na wiki ya pili yake ndiyo ndoa. Kamati ilikuwa imepanga kila mtu aje kizamani, enzi za bibi. Wenzake walikuwa wanatafuta magauni ya mabega makubwa na viatu vya soli nene. Yeye picha yangu alishaituma kwenye kundi lao la simu, na chini yake ameandika kwamba bi harusi atakuja na nywele zake mwenyewe, kama bibi yake.

"Kwa nini umeandika hivyo kabla hujaniuliza?"

"Si najua utakubali."

Mimi nilisuka watu miaka mingi. Nilisukia uani kwetu, kwenye nyumba ya udongo ya babu yao, palepale lilipo ghorofa hili tunaloishi. Nyumba ilivunjwa, mwenye fedha akajenga, sisi tukapewa chumba na sebule huku juu. Pale nilipokuwa natandika mkeka sasa ni duka la mabegi. Lifti inapanda mizigo, watu tunapanda ngazi, na kwenye ngazi wenye maduka wamepanga marobota yao hata unapita ubavu ubavu. Kutwa nzima chini kuna vipaza sauti, kila kimoja kinarudia bei ileile mpaka unaisikia usingizini. Nikishashuka siku moja, kesho yake nakaa. Na vidole hivi vimevimba kwenye viungo, asubuhi havikunji. Kufunga kifungo cha blauzi ni kazi. Sasa mtu anataka nimzungushie uzi kichwa kizima.

Nilitaka kumkatalia. Akanieleza kisa chake, nikashindwa.

Alikuwa ameenda kuwasalimu wakwe zake Buguruni. Wamekaa sebuleni wanakula, wifi yake, dada wa huyo mchumba, akanyoosha mkono akamshika wigi, akalisogeza kidogo, akasema mbele ya watu, "Hebu tuone na sisi. Toka kaka yangu akujue ni wigi tu. Una nini humo ndani, mapembe?" Watu wakacheka. Mjukuu wangu naye akacheka, akaenda chooni, akalirekebisha, akarudi akamaliza chakula. Lakini alishaweka nadhiri moyoni kwamba kwenye sherehe atakaa mbele ya wifi huyo kichwa wazi. Ni wanawake watupu siku hiyo, hakuna mtandio. Wataona nywele, basi, na maneno yatakwisha.

"Na usipokuja nazo?"

"Nisipokuja nazo, Bibi, nitaolewa nikiwa mwenye mapembe. Wewe huwajui wale watu."

Nawajua. Si wale, ila watu ninawajua.

Kesho yake nikashuka kutafuta uzi. Mtaa wetu wa nyuma ni maduka ya nywele mwanzo mpaka mwisho, nywele za kila rangi zimening'inizwa mlangoni kama ngozi za wanyama, lakini uzi mweusi wa pamba hakuna. Kuna wa nailoni, wa kushonea mawigi. Ule unakata nywele kama wembe. Nimeingia maduka hata magoti yakaanza kutetemeka. La mwisho mwenyewe alikuwa mama mmoja wa Kilimanjaro, mnene, mcheshi, anauza huku anakula muhogo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Una uzi wa kusukia? Ule wa pamba."

"Bibi unajisuka? Umepata mchumba?"

"Nimepata. Yuko nje anasubiri nimlipie nauli."

Akacheka mpaka akaweka muhogo chini. Akanipa kiti, akapanda ngazi yake ndogo, akachokoa chokoa juu ya rafu kule, akashuka na vibunda viwili vimefifia kwa vumbi. Akaniambia mama yake mzazi alikuwa anaufunga uzi huo siku za Krismasi. Nikakaa pale kwake mpaka magoti yakatulia, kisha nikaanza safari ya ngazi.

Mjukuu alikuja Alhamisi, ametoka kazini kule Posta, katikati ya mji. Anafanya kazi kwenye ofisi yenye kiyoyozi, viatu vyake havina vumbi. Akaoga, akavaa khanga zangu, nikakaa kwenye kochi, yeye akakaa chini kwenye mkeka, katikati ya miguu yangu, kama alivyokuwa anakaa alipokuwa mdogo. Akabaki amekaa tu. Wigi bado kichwani.

"Vua basi, au nilisuke hilohilo?"

"Bibi, usiseme kitu."

"Sijasema."

Akalibandua. Chini yake alikuwa amevaa kofia ya wavu. Akavua na hiyo.

Nilishashika vichwa vya watu wa kila namna. Wenye mba, wenye mashilingi ya mapunye, mmoja alikuwa na kovu la kupigwa na mumewe na akanikataza kuuliza. Lakini kichwa cha mtoto huyu nilikiogesha mimi, kilikuwa na nywele nzito zinavunja vitana. Sasa kwenye panja zote mbili hakuna kitu, ngozi inang'aa kama sahani iliyooshwa. Mbele kwenye kipaji pamerudi nyuma vidole vitatu. Juu ya masikio kuna vinywele vya kuhesabika. Katikati na kisogoni zipo, lakini nyepesi, zimechoka, ukizigusa zinakusikitikia.

"Umepumua," akasema.

"Mtu asipumue?"

"Umepumua kwa nguvu."

Nikamuuliza ni nini. Akasema ni mambo mengi. Kwanza dawa ya kulainisha, iliunguza. Halafu rasta za kubana ili kuficha palipoungua. Halafu rasta nazo zikang'oa, akahamia wigi la gundi, na gundi ikibanduliwa inaondoka na kilichobaki. Kila kitu alikiweka kuficha kilichotangulia. Mama yake anajua kidogo. Mchumba hajui.

"Kwani huyo mchumba hana macho?"

"Bibi!"

"Nauliza tu, mke mwenzangu."

Akacheka, na mimi nilitaka acheke, kwa sababu mikono yangu haikujua pa kuanzia. Nikamtia mafuta ya nazi. Nikagawa fungu moja kisogoni, palipo na nywele za kutosha, nikaanza kuzungusha uzi. Nywele za uzi hazina huruma. Ukilegeza, fungu linalala na msuko haupo. Lazima ukaze shinani, ngozi ivutike, ndipo lisimame. Nikakaza. Alipojikunyata nikaangalia uzi, nikaona umebeba nywele na vile vidoa vyake vyeupe vya mzizi. Nikafungua fungu lile, nikakusanya zilizotoka nikazifunga kwenye ncha ya khanga, maana nywele za mtu kwetu hazitupwi ovyo.

"Mbona umefungua?"

"Hiki kichwa hakibebi uzi."

"Kaza tu. Nitavumilia."

"Wewe utavumilia, nywele hazitavumilia. Jumamosi utakaa na mshikio wa kikapu, Jumapili utakaa na kipara."

"Jumapili si yangu mwenyewe?"

"Na ya baada yake?"

Akalaza kichwa kwenye goti langu. Mabega yakaanza kutikisika, halafu akalia waziwazi, kamasi, kila kitu, ananiambia kundi zima limeshaona ile picha, wifi yake ameweka vile vikatuni vya kucheka, na kwamba bora asingezaliwa na kichwa. Nilikuwa nimechoka, mgongo unaniuma, maji ya chai yamechemka jikoni mpaka yamekauka, nanusa sufuria inavyoungua na siwezi kunyanyuka kwa sababu kichwa chake kimelala kwenye goti langu.

Ni pale ndipo nilipofikiria msuko wa twende kilioni.

Msuko huu wa zamani jina lake ni hilo, na kazi yake ni hiyo. Zamani habari ya msiba ikija, mwanamke hakai na kichwa cha madaha. Mlikuwa mnafumuana haraka haraka uani, mmoja anamsuka mwenzake mistari minene inayokwenda nyuma moja kwa moja, minyonge, imelegea, hamna kukaza wala mapambo, kwa sababu muda hakuna na juu yake unajitanda khanga. Basi mnatoka. Nimesuka msuko huo kwa misiba yote ya mtaa ule, na wangu mwenyewe nikasukwa. Hauvuti hata unywele mmoja. Katika yote niliyoijua, ndio pekee ambao kichwa kile kingeubeba. Na mistari ikienda nyuma, ukiianzia nyuma kidogo, ukailaza kiupande, panja hazionekani sana.

Lakini ni msuko wa kilioni. Huendi nao harusini. Mzee akikuona nao kwenye sherehe anajua moja kati ya mawili, umefiwa au unaiombea nyumba ya watu msiba.

Nikamwambia yote, jina na maana. Sikutaka asukwe kitu asichokijua.

Akafuta kamasi. "Sasa nani atajua? Hawa wote wamezaliwa juzi."

"Wazee watajua."

"Wangapi?"

"Hata mmoja anatosha. Kwao mume wako ana bibi?"

"Anaye. Anasikia vizuri sana huyo."

"Shida si kusikia."

Akaanza kuchezea ile kofia yake ya wavu. Chini mtu wa kipaza sauti alikuwa anamaliza siku, amepunguza bei. Mwishowe akasema, "Bibi, mimi nimechoka kuficha. Nisuke."

Nikamsuka. Kazi ambayo zamani ningeimaliza kabla wali haujakauka ilinichukua mpaka muda mrefu baada ya adhana ya isha. Nilikuwa nasuka mstari mmoja, napumzika, naloweka vidole kwenye maji ya moto, narudi. Yeye alisinzia. Mstari wa mwisho nilikuwa sivihisi vidole kabisa, nasuka kwa macho.

Jumamosi asubuhi mama yake, mkwe wangu, alikuja kutuchukua. Alipanda ngazi anahema, amevaa gauni la mabega kama mlango, akafika, akamwona binti yake, akasahau hata kunisalimu. Huyu mama ametoka kwenye familia ya zamani ya hapa mjini, hakuhitaji kuelezwa.

"Mama! Umemsuka mtoto msiba?"

"Shikamoo yangu iko wapi kwanza?"

"Shikamoo. Mama, leo? Mbele ya wale watu? Mfumue huo, avae wigi, tusije tukaambiwa tumempeleka na mkosi."

"Nimetaka mwenyewe," mjukuu akasema.

"Wewe hujui unachotaka."

"Mama, wigi halirudi kichwani leo. Ukilileta nitalitupa dirishani, kuna watu wa kununua hapo chini."

Mkwe wangu aliniangalia kama anayetaka niseme neno. Nikatafuta viatu vyangu. Tulishuka wote, mimi nyuma, nashika robota moja baada ya jingine.

Ukumbi ulikuwa mtaa wa Gerezani, nyuma ya karakana za vipuri, ndani wamepamba vizuri. Wanawake walikuwa wengi na karibu wote wamevaa mawigi ya afro, meusi, mekundu, moja la zambarau, hata ukumbi ukaonekana kama bustani ya uyoga. Huko ndiko kurudi kwao zamani. Wifi mtu lake lilikuwa kubwa kuliko yote. Bi harusi akaingia na khanga kichwani, akaketishwa kwenye kiti cha mbele, macho chini kama alivyofundwa, na khanga ikaondolewa.

Vijana wakapiga vigelegele. Nikasikia wakisema amependeza, simpo, kama malkia wa zamani. Simu juu. Wifi yake alikuja karibu, akainama, akaangalia, akarudi kukaa. Nikaona mgongo wa mjukuu wangu unanyooka kidogo kidogo kwenye kile kiti. Nikasema moyoni, labda itapita hivi hivi.

Haikupita. Ulipofika wakati wa kutunza, watu wanakwenda mbele kwa zamu na zawadi zao, sufuria, chujio, vikombe, upande wa mume akatangulia bibi mtu. Mwanamke wa rika langu, mwembamba, amejifunga khanga mbili, anatembea taratibu na bakuli la udongo mkononi. Akafika mbele. Bakuli hakulitoa. Akakitazama kichwa, akakizunguka, akakitazama na nyuma. Muziki ulikuwa chini wakati ule.

"Mmefiwa?" akauliza.

Watu wa mbele wakageuka. Mkwe wangu akajifunika mdomo.

"Bibi yake yuko wapi?"

Nikanyanyuka. Nilinyanyuka kwa kushika kiti cha mbele yangu, taratibu, na muda wote wa kunyanyuka nilikuwa natafuta la kujibu. Nikisema ukweli, namvua mtoto nguo mbele ya wifi yake. Nikisema sikujua maana yake, najifanya mjinga mbele ya mtu anayenijua kwa macho tu kwamba si mjinga. Nikasema, "Hatujafiwa, dada yangu. Mikono ndiyo imezeeka. Imebaki na msuko huo tu, mingine imenikimbia." Nikainyoosha aione. Ilionekana kweli imevimba.

Akaiangalia. Nadhani alikuwa tayari kukubali, kwa sababu aliguna namna ile ya mtu anayesamehe.

"Si mikono yake," mjukuu wangu akasema.

Bi harusi hasemi siku ile. Kazi yake ni kuinama. Mkwe wangu akasema "Shh!" lakini mtoto alishainua uso.

"Bibi yangu alitaka kunisuka uzi, nywele zikang'oka. Hazipo, Bibi. Tazama." Akaweka vidole vyake mwenyewe kwenye panja, akasogeza mstari, akamwonyesha pale panapong'aa. Akageuka na upande wa pili. "Nilitia dawa, nikatia gundi. Zimeisha. Huo ndio msuko pekee usioniumiza. Kama ni mkosi, nimeutaka mimi, asilaumiwe yeye."

Sikumbuki nani alikuwa wa kwanza kusogea. Nakumbuka yule bibi ameweka bakuli lake sakafuni, ameinama, amekishika kichwa kile kwa mikono miwili na anakipapasa pembeni kwa kidole gumba, kama mtu anayetafuta mwiba.

"Umeacha gundi lini?"

"Alhamisi."

"Alhamisi hii? Wewe mtoto!" Akageuka nyuma kumtafuta mjukuu wake mwenyewe, yule wifi. "Na wewe njoo huku, vua hilo kapu lako tuone."

Wifi mtu akalishika afro lake kwa mikono yote miwili, akarudi nyuma, "Bibi, jamani, mimi sihusiki!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hata mkwe wangu alicheka, machozi yanamtoka, sijui ya nini. Muziki ukapandishwa. Yule bibi hakucheka. Alimpa mjukuu wangu bakuli, akaja akakaa kiti cha pembeni yangu, akanyoosha miguu, akasema, "Mimi nisingemtoa na msuko ule. Heri ningemfunga kilemba." Nikamwambia naye ana haki. Tukatazama watu wakicheza. Keki ilipokuja mimi nilikuwa nimeshaomba nipelekwe nyumbani.

Mkwe wangu hakunipigia simu siku kadhaa. Alipopiga, aliongea habari za mchele na mashine ya maji, hilo jingine akaliruka. Siku ya ndoa mjukuu alivaa wigi chini ya shela. Alinieleza mwenyewe kabla, akasema mchumba wake ameshaona kichwa, amekishika, hakusema mengi, na kwamba wigi ni la siku moja kwa ajili ya picha. Nikamwambia kichwa ni chako.

Ameniuliza kama nywele zitaota. Kisogoni zitajaa, nimemwambia. Kwenye panja sijui. Palipong'aa vile, nimeona pakiota mara chache na pakikataa mara nyingi. Hakulia. Anakuja Jumamosi akipata nafasi, anapanda ngazi na mafuta yake ya nyonyo kwenye mkoba, anakaa kwenye mkeka. Namfumua, namkanda, namsuka tena ileile mistari, imelegea. Siku nyingine vidole vinagoma katikati, nusu ya kichwa imesukwa na nusu bado. Anajifunga kitambaa anarudi kwa mumewe hivyo hivyo, ananiambia tutamalizia wiki ijayo.